Mtoto Aliyesifiwa na Wodi Nzima

Waliokuja kutoa pole nyumbani kwao marehemu walikuwa wengi kuliko viti. Kila mmoja alikuja na lake la kusimulia. Huyu mwanawe alitolewa maji kwenye mapafu, yule mjukuu wake aliokolewa kwenye degedege, na mwingine alilia tu akashindwa kusema. Mama yake aliwasikiliza wote, akawashika mikono, akamshukuru Mungu aliyempa mwana na kumtwaa kwa wakati aliouona Yeye unafaa. Lakini habari aliyoipenda kuliko zote hakuhitaji kuletewa na mgeni. Siku ilipotokea na yeye alikuwamo, kwenye simu, huku anachambua mchele.

Marehemu alikuwa daktari wa watoto wa ngazi ya kati. Chini yake walikuwapo madaktari wa mafunzo, vijana waliotoka chuoni juzi, mifuko imejaa karatasi na macho yamejaa usingizi. Juu yake alikuwapo daktari bingwa, aliyepita wodini asubuhi, akasema, akaondoka. Yaliyosemwa na bingwa na yasiyojulikana na vijana yote yalimwangukia yeye. Dripu ikiziba anaitwa yeye. Baba wa mtoto akija na hasira anaitwa yeye. Hata taa ya chooni ilipoungua aliitwa yeye, akaenda, akaibadilisha. Nyumbani nako alikuwa wa katikati, kati ya dada mkubwa aliyependa kuamuru na mdogo wake wa mwisho aliyependa kubebwa. Mama yake alizoea kumwambia wageni, "Huyu ndiye bawaba yetu. Mlango mzima unaning'inia kwake, na bado wanamlaumu akilia."

Wodini alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wengine na kuwakera wengine. Akifika kwenye kitanda hakuanza kumuuliza mama wa mtoto. Alimgeukia mama wa kitanda cha pili.

"Mama, hebu niambie. Huyu jirani yako, mtoto wake amelalaje?"

"Alale wapi, daktari! Amekohoa usiku kucha, wodi nzima tumekohoa naye."

"Na dawa?"

"Dawa anameza vizuri sana. Anameza, halafu anaitapikia shuka, halafu shuka linageuzwa upande wa pili."

"Wewe!" mwenye mtoto angeruka. "Nani kakuuliza?"

"Si daktari huyu hapa? Huna macho?"

"Basi na mimi niulizwe ya kwake!"

"Tulia, mama," daktari angesema akiandika. "Zamu yako inakuja. Nina muda wa kutosha."

Hakujifunza hayo chuoni. Aliyajifunza sebuleni kwao akiwa bado mwanafunzi, akimsikiliza mama yake akizungumza kwenye simu na mama mkubwa. Kila mmoja akiulizwa habari za wanawe, ni wazima, hawajambo, wanasoma. Akianza habari za wana wa mwenzake, hapo ndipo ukweli wote unamwagika, mpaka nani alifeli hesabu na nani anakojoa kitandani. Alipofika wodini akaona mambo ni yale yale. Mama akiulizwa juu ya mwanawe, hujibu kwa hofu yake au kwa matumaini yake, na si kwamba ni mwongo. Jirani hana hofu wala tumaini, ana macho tu, na siku ni ndefu.

Akina mama wakampa jina: Daktari Mmbea. Dada yake aliposikia alikasirika, akasema huko ni kuvunjiana heshima, mtu amesoma miaka yote ile aje kuitwa mmbea. Yeye alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Dada, kuna wanaoitwa majina mabaya zaidi na hawajui."

Bingwa yeye alikuwa na imani nyingine. Alikuwa mtu mzima, mwenye mikono mizuri na haraka nyingi, na kipimo chake kikubwa kilikuwa sahani. "Mtoto mgonjwa hali chakula," alisema kila asubuhi. "Mtoto anayekula anapona. Nionyesheni sahani." Basi kila alipokaribia kuingia, akina mama walizipanga sahani za mkate wa chai kwenye miguu ya vitanda, zikaonekana tangu mlangoni. Mwenye sahani tupu alikuwa na tumaini la kwenda nyumbani. Na nyumbani ndiko kila mmoja alikotaka kwenda, kwa sababu huko kuna watoto wengine, kuna kazi, na kuna mume asiyejua kiberiti kiko wapi.

Desturi ya daktari ilimletea faida nyingi, kisha akaiharibu mwenyewe kwa mdomo wake.

Palikuwa na kijana mmoja wa figo, amevimba uso na miguu, amekatazwa chumvi kabisa. Siku zikapita, uvimbe haupungui. Daktari akamuuliza jirani, na jirani akamnong'oneza kwamba bibi wa kijana anamletea njugu za chumvi zimefichwa ndani ya soksi. Ilikuwa habari ya maana. Asubuhi ile bingwa alikuwa amekasirika, anadai dawa zibadilishwe, na daktari kwa kuharakisha kujibu akasema mbele ya wote, "Si dawa, mkuu. Mama wa kitanda hiki ameniambia mtoto anakula njugu."

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Bingwa alipotoka tu, ndoo ya maji ikaruka. Mama wa njugu akamwita mwenzake nyoka, mwenzake akasema bora nyoka kuliko muuaji, na sista akaitwa kuamua. Daktari akaenda kwa kila mmoja kuomba radhi. Walimpokea kwa upole, upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua.

Kwani jioni ile, kabla hajawafikia, walikuwa wamekwisha kukaa kikao. Aliyekiongoza alikuwa Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye sauti ya soko. Alikuwa amekaa wodini na mapacha wake kwa muda mrefu hata akajua funguo zote zinakaa wapi. Asubuhi daktari alipomgeukia kumuuliza habari za kitanda cha pili, Mama Pacha aliikunja mikono.

"Daktari, humu tumefunga duka."

"Duka gani, mama?"

"La maneno. Bidhaa zimekwisha. Kila mtu amuulize mwenye mtoto wake."

"Mama Pacha, nilikosea. Nimeomba radhi."

"Na tumekusamehe, mwanangu. Tena tunakuombea. Lakini duka tumefunga."

Akajaribu wengine. "Sijui, daktari." "Nilikuwa nimelala, daktari." "Mimi na wangu tu, daktari." Wanawake waliokuwa wakijua hata rangi ya choo cha mtoto wa kitanda cha mwisho ghafla wakawa vipofu na viziwi. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba anajihisi kama mtu aliyeibiwa miwani. Mama yake akamwambia amwombe Mungu, na wakati anaomba aongeze kazi. Akaongeza. Akawa anakaa zaidi kwenye kila kitanda, anapima mwenyewe na kunusa mashuka mwenyewe, na anarudi nyumbani amechoka.

Wakati huo ndipo alipolazwa msichana mdogo, wa miaka miwili na ushee, kwenye kitanda cha karibu na sinki. Aliletwa na homa na kikohozi, kifua kinakoroma. Mashine ya picha za eksirei ilikuwa mbovu, basi akatibiwa nimonia kwa kusikiliza kifua, kama inavyofanyika pengi. Homa ikashuka. Kikohozi kikapungua, ingawa hakikuisha. Mama yake alikuwa msichana mwembamba anayeshona sare kiwandani, na wenzake walimwita Mama Cherehani. Hakuwa na mume wa kumtegemea. Msimamizi wake alikuwa ametuma ujumbe: asipokuwa kwenye mashine yake Jumatatu asubuhi, ataikuta ina mtu mwingine. Wodi nzima iliujua ujumbe huo, maana aliusoma kwa sauti huku analia, na Mama Pacha akausoma tena kwa wasiosikia.

Ijumaa bingwa akapita. Akasikiliza kifua cha yule mtoto, akagusa paji la uso, akatazama mguu wa kitanda. Sahani tupu, hata makombo hakuna.

"Anakula?"

"Anamaliza, daktari," mama yake akasema.

"Nyumbani," bingwa akasema, akatia sahihi.

Daktari wetu alikuwa amemwinamia mtoto. Kidevu chake kilikuwa kimelowa, na nguo kifuani imelowa. "Mate ni mengi, mkuu."

"Meno," bingwa akasema, naye yuko kitanda cha pili tayari.

Inawezekana. Umri ule meno ya nyuma yanasumbua. Daktari akaendelea na wengine, msafara ukaisha, bingwa akaenda kwenye mkutano wake. Lakini yale mate yalikataa kumtoka kichwani mpaka alasiri. Akarudi. Kwa mazoea tu, bila kutegemea kitu, akamuuliza mama wa kitanda cha jirani, "Huyu mtoto hapa, anaendeleaje?"

Alitazamia "sijui". Mama yule akatabasamu.

"Huyu? Anakula vizuri sana, daktari. Anamaliza."

Daktari akashangaa. Akageukia upande wa pili. "Na wewe mama, umemwonaje?"

"Mzima kabisa. Anakula kuliko wangu. Mkate wote, anamaliza."

Akavuka mpaka kwa Mama Pacha, mwenye duka lililofungwa. Mama Pacha hakusubiri kuulizwa. "Yule mtoto wa Cherehani ni wa kupigiwa mfano, daktari. Mtulivu, mzuri, anakula. Mwache aende zake, Mungu amtunze."

Moyo wa daktari ukafurahi. Akasema ndani yake: wamenisamehe kweli, duka limefunguliwa. Akatoka wodini anakaribia kupiga mbinja. Alifika katikati ya ukumbi, penye ubao wa matangazo, simu ikalia.

Alikuwa mama yake. "Mwanangu, unakuja saa ngapi? Bomba la jikoni linatiririka, nimeweka sufuria chini, imejaa, nimeweka na ya pili. Uliniahidi leo."

"Nakuja, mama. Namalizia mtoto mmoja anakwenda nyumbani."

"Amepona?"

"Amepona. Yaani majirani zake wote wanamsifu. Wodi nzima. Hata Mama Pacha."

Upande wa pili mchele ukasikika ukipetwa kwenye ungo.

"Wote?" mama yake akauliza.

"Wote."

"Hakuna hata mmoja aliyemtoa kasoro?"

"Hakuna."

"Mwanangu," mama yake akasema, "mimi nimezaa watatu na nimekaa na majirani maisha yangu yote. Lini umesikia wanawake wa wodi nzima wakamsifu mtoto wa mwenzao kwa pamoja? Hata siku ya ubatizo kuna mmoja atasema kichwa ni kikubwa."

Daktari akasimama pale pale. Mhudumu mwenye kitoroli akamwomba njia mara mbili.

"Mama," akasema, "weka na sufuria ya tatu."

Akarudi kwa hatua ndefu. Mama Cherehani alikuwa ameshafunga mfuko, mtoto yuko mgongoni, sista ana karatasi ya ruhusa mkononi.

"Sista, hiyo ruhusa ishikilie kwanza."

"Bingwa ametia sahihi, daktari. Naishikilia kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Sista alikuwa mtu wa taratibu, na alimpenda, ndiyo maana akasema polepole, "Amri yako haivuki yake. Wewe ni wa kati."

"Najua. Nampigia sasa hivi. Akisema aende, nitambebea mfuko mpaka getini. Lakini mpaka aseme, mtoto huyu hatoki."

Akapiga. Simu ya bingwa ilikuwa imezimwa, yuko mkutanoni. Akapiga tena. Akatuma ujumbe. Kisha akavuta kigoda cha plastiki, akakaa mbele ya kitanda cha karibu na sinki.

Mama Cherehani akamtolea macho. "Unanizuia kwa kosa gani, daktari?"

"Huna kosa, dada. Nataka nimwone mtoto akila."

"Amekula asubuhi. Sahani hukuiona?"

"Sahani nimeiona. Mtoto sijamwona."

Wodi nzima ikageuka kutazama. Hata watoto, Mungu awabariki, walipunguza kelele. Daktari akamtuma daktari wa mafunzo akachukue kipande cha mkate jikoni. Ukaja, mkate mweupe wa kawaida, akaukata kidogo sana, kama ncha ya kidole, akamnyooshea mtoto. Msichana akaupokea kwa hamu. Akautia mdomoni. Akatafuna, akatafuna, macho yanamtoka kwa njaa. Kisha akajaribu kumeza, shingo ikajikaza, uso ukakunjamana, na mkate wote ukarudi kidevuni pamoja na mate. Hakulia. Akauokota kifuani akataka kuurudisha mdomoni, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Daktari akauondoa taratibu. "Tangu lini?"

Mama Cherehani akaanza kumfuta mtoto kidevu.

"Dada, sikugombezi. Tangu lini hamezi?"

"Anakunywa," akasema. "Maziwa anakunywa. Chai anakunywa. Nilidhani ni koo, kwa sababu ya kukohoa, nikasema litapona nyumbani..." Akashindwa.

Hapo Mama Pacha akainuka na uzito wake wote, pacha mmoja begani.

"Usimuulize yeye, atazimia. Niulize mimi. Tangu alipolazwa hajameza mkate hata tonge moja. Mkate anaula mama yake. Na akishiba tunamsaidia. Jana nimekula mimi. Juzi amekula yule pale, anayejifanya anatazama dirishani." Yule wa dirishani akazidi kutazama dirishani. "Tulisema huyu binti akikosa cherehani yake Jumatatu, na mtoto atakula nini? Tukakubaliana. Tumeisafisha sahani kwa huruma, daktari. Hatukujua kama tunafanya ubaya."

"Mmeisafisha vizuri mno," daktari akasema. "Hata makombo hamkuacha." Akasimama. "Nipeni mtoto nimbebe. Asipewe kitu chochote mdomoni, hata maji. Tunakwenda kwenye picha."

"Mashine si mbovu?" sista akauliza.

"Imetengenezwa jana. Nimeisikia ikinguruma."

Mtu wa picha alikuwa ameshavua koti la kazi, anafunga dirisha. Alimwona daktari anakuja na mtoto mkononi, mama nyuma yake, daktari wa mafunzo nyuma ya mama, akaanza kutikisa kichwa wakiwa bado mbali.

"Ndugu yangu, nimefunga. Ijumaa leo."

"Nifungulie shingo na kifua. Picha moja tu."

"Karatasi ya bingwa iko wapi?"

"Bingwa yuko mkutanoni. Nitakuandikia mimi, jina langu na sahihi yangu, na kikitokea cha kuulizwa niulizwe mimi."

"Mwenzangu, siku zote unakujaga na 'moja tu'."

"Na siku zote huwa moja. Leo lete ya kutoka taya mpaka tumbo, usikatie mabegani."

Mtu wa picha akamtazama mtoto, akatazama kile kidevu kilicholowa, akavaa koti lake tena bila neno jingine.

Picha ilipokuja kwenye kioo, hata mama wa mtoto aliyeishia darasa la saba aliona. Chini kidogo ya shingo, katikati, palikuwa na duara jeupe, zuri kama limechorwa kwa bikari. Na ndani ya duara, karibu na ukingo wake, kulikuwa na duara jingine jembamba.

Daktari wa mafunzo akasema kwa furaha, "Sarafu!"

"Sarafu haina mistari miwili," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hiyo ni betri. Zile bapa, kama kifungo cha koti." Akamgeukia mama. "Dada, nyumbani kuna kitu gani kinatumia betri ndogo ya duara? Saa? Mdoli?"

Mama Cherehani alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. "Rimoti ya redio," akasema. "Imeacha kufanya kazi kabla hajaanza kuumwa. Kifuniko tulikikuta chini ya kochi. Nikasema betri imedondoka huko huko, nitaitafuta siku ya kufagia."

Betri ikikwama kooni haikai kimya kama sarafu. Inaunguza. Saa kwa saa inakula nyama ya koo, na nyuma ya koo kuna mishipa mikubwa ya damu. Mtoto aliyekwenda nyumbani Ijumaa akiwa amependeza angeweza kutapika damu Jumapili, na mama yake angekuwa anatafuta gari. Daktari aliyajua hayo yote, lakini hakumwambia mama. Alimwambia tu kwamba kitu kimeonekana, na kinatolewa leo.

Kukitoa ndiko kulikokuwa na kazi. Daktari wa koo alikuwa ameshaondoka. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mtu wa ajali mezani na mwingine anasubiri mlangoni. Mtu wa dawa ya usingizi alisema mtoto mdogo hivyo mwenye kifua kibovu hamlazi bila bingwa wa watoto kukubali. Bingwa wa watoto alikuwa mkutanoni.

Daktari akaenda mkutanoni. Ulikuwa jengo la utawala, ghorofa ya juu, chumba chenye pazia na chupa za maji mezani. Akabisha, akaingia bila kusubiri, koti lake limelowa mate ya mtoto begani. Wakubwa wote wakageuka. Akamfuata bingwa mpaka kwenye kiti chake, akamwekea picha mezani, juu ya makabrasha.

Bingwa akavaa miwani. Akaitazama kwa muda. Uso wake ukazeeka kidogo.

"Wa nani huyu?"

"Wa karibu na sinki."

"Niliyemruhusu."

"Ndiyo, mkuu."

"Alikuwa anakula."

"Walikuwa wanakula akina mama."

Bingwa akavua miwani. "Umeyapata kwa umbea wako?"

"Hapana, mkuu. Leo walikataa kabisa kumsengenya. Ndipo nikaogopa."

Bingwa akasimama, akaomba radhi mezani, akashuka ngazi mbele yake, mtu mzima yule, anakimbia. Alimpigia daktari wa koo mwenyewe, akamtoa njiani. Alizungumza na mtu wa usingizi mwenyewe. Mtu wa ajali aliyekuwa mlangoni, mguu umefungwa mbao, alipoelezwa akasema, "Mpitisheni mtoto, mimi mguu hauendi popote."

Daktari akamkabidhi mtoto kwa wenye chumba, akabaki nje na mama wa mtoto kwenye benchi. Mama Cherehani hakuwa na machozi tena. Alikuwa na hasira.

"Kazi yangu imekwenda," akasema. "Unajua? Huyu atalala hapa wiki ngapi? Cherehani yangu imekwenda."

"Huenda imekwenda," daktari akasema.

"Na wewe hata hunifariji."

"Nikufariji kwa uongo, dada? Sina cherehani ya kukupa. Nina hili la kukuambia: atakaa hapa, hatakula kwa mdomo kwa muda, chakula chake kitaliwa na mpira wa puani badala ya wale wanawake, na mimi nitakuwapo. Hasira zako nitolee mimi, usimtolee yeye. Mimi nina mgongo."

Akamtolea kweli. Akasema yote aliyonayo, juu ya madaktari, juu ya msimamizi, juu ya baba wa mtoto, juu ya redio. Daktari akasikiliza. Alipochoka, daktari akainamisha kichwa akaomba kwa moyo, kama alivyofundishwa utotoni: maneno machache, mikono juu ya magoti.

Daktari wa koo alitoka akiwa na kijikopo cha plastiki. Ndani yake kulikuwa na kile kitu, kimekuwa cheusi kama kimechomwa. "Imetoka," akasema. "Koo limeungua, lakini halikutoboka. Ungekuja kesho, nisingekuambia hivi."

Mama Cherehani akaanguka magotini, paji la uso kwenye sakafu. Daktari hakumwinua. Alimwacha amalize.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Mtoto alilishwa kwa mpira, akauchomoa, akarudishiwa, akauchomoa tena. Alikohoa na kila mara alipokohoa daktari alikimbia akidhani ni damu. Kila asubuhi alifika kitanda hicho kwanza kabla ya kuvaa koti, na kila jioni alikipitia mwisho. Jumatatu ikaja ikapita, na cherehani ikapewa mwingine kweli. Mama wa mtoto akalia siku moja, kesho yake akaomba sindano na uzi, akaanza kuwashonea wenzake nguo za watoto zilizochanika, na Mama Pacha akajifanya meneja.

Ndipo ikafika asubuhi ya kumjaribu maji. Bingwa alikuja bila haraka siku hiyo. Hakutazama mguu wa kitanda. Alivuta kile kigoda cha plastiki akakaa, akaweka mikono kwenye magoti, akina mama wote wamesogea mpaka sista akawaambia waache hewa ipite. Daktari akatia maji kidogo kwenye kikombe cha plastiki, akampa mtoto mwenyewe ashike.

Msichana akakitazama kikombe kama mtu anayemkumbuka aliyemkosea. Akanywa. Koo likapanda, likashuka. Wote wakasubiri. Akanywa tena, akakaa kidogo, akakohoa mara moja, na hapakutoka kitu. Daktari akanyoosha mkono kuchukua kikombe, kwa kuwa alisema ni mafunda mawili tu kwa siku ya kwanza. Mtoto akakivuta kifuani, akapiga kelele ya kukataa iliyosikika mpaka ukumbini.

"Mwache, daktari," Mama Pacha akasema huku anajifuta macho.

"Siwezi, mama. Mawili ni mawili."

Akakaa naye pale, anambembeleza kidole kimoja kimoja, kikombe hakitoki, mtoto hakubali, na daktari naye hakubali, mpaka mwisho kikombe kikaachiwa. Akamfuta kidevu, ambacho kilikuwa kikavu, akaandika muda wa mafunda yanayofuata, kisha akaenda kwenye kitanda cha pili, palipokuwa na mtoto mpya aliyeingia na homa.